Mgeni wa Mara Tatu

Hospitali ya macho ilikuwa na walinzi wawili getini, mmoja mlangoni mwa famasia, na wa nne ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilinda chochote. Huyo wa nne alikuwa mwanamke mfupi mwenye shali mabegani, na wauguzi walimbatiza Mama Kufuli. Akienda kunywa chai alifunga kompyuta, akafunga droo, akafunga mlango, kisha akarudi hatua tatu kusukuma kitasa ahakikishe. Jina lilimkaa sawasawa, naye hakulikataa. Kushuku kulikuwa ndiyo tabia yake tangu utotoni, na sasa kulikuwa ndiyo kazi yake pia.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya miwani, na kilikuwa na baridi mwaka mzima kwa sababu ya seva. Seva yenyewe ilikuwa sanduku jeusi lenye kuvuma, na ndani yake mlikaa mafaili ya wagonjwa wote: picha za macho, vipimo, nani alipasuliwa lini na nani alimpasua. Madaktari waliingia humo kupitia mtandao hata wakiwa majumbani mwao. Na palipo na mlango wa kuingilia wenyewe, wezi nao hupagonga.

Waligonga kwelikweli, maelfu kila siku, kutoka pembe zote za dunia. Wengi hawakuwa hata watu. Zilikuwa mashine zilizoachwa zibahatishe majina na nywila bila kupumzika, kama mtu aliyeokota shada la funguo akaamua kujaribu kila nyumba mtaani. Mama Kufuli hakuziogopa. Alikuwa ameupa ukuta wa seva sharti moja: anwani yoyote ya mtandao ikikosea nywila mara tano ndani ya dakika kumi, ifungiwe nje saa nzima. Na ukuta ule ukimfungia mtu haumwambii hapana. Haumwambii kitu. Atagonga mpaka achoke mwenyewe.

Yeye alitaka iwe mara tatu, si tano. Aliwahi kuiweka tatu, na siku hiyohiyo daktari bingwa, mwenye vidole vinavyosifiwa mji mzima, akaikosea nywila yake mara tatu akiwa nyumbani anataka kusoma picha za mgonjwa wa asubuhi. Mkurugenzi alikuja chumbani mbio, tai imepinda. "Unawafungia wezi, au unatufungia sisi?" Basi ikawa tano, na Mama Kufuli akameza mate machungu. Aliwalazimisha wote wabadilishe nywila kila baada ya miezi mitatu, nao walinung'unika na kubadilisha. Ya kwake mwenyewe alikaa nayo miaka minne. Nyani haoni kundule. Aliibadilisha mwanzoni mwa mwezi ule tu, kwa aibu, baada ya muuguzi mmoja kumuuliza mbele za watu yake aliibadilisha lini.

Siku chache baadaye alipofungua kumbukumbu za seva, alimwona mgeni.

Mgeni huyu hakugonga kama wengine. Wale wa kubahatisha walileta majina ya ovyo ambayo hata hospitalini hayapo. Huyu alileta jina la akaunti ya Mama Kufuli mwenyewe, herufi kwa herufi, nukta mahali pake. Alikosea nywila mara tatu, akaenda zake. Kesho yake akaja tena, mara tatu, akaenda. Keshokutwa vilevile. Hakuwahi kufika mara ya nne, sembuse ya tano.

Mama Kufuli alipiga hesabu. Mwizi anayeishia tatu anajua kwamba tano ni hatari. Na habari ya tano walikuwa wakiijua watu watatu tu: yeye, mkurugenzi, na mwenzake wa meza ya pili.

Alikwenda kwa mkurugenzi akamweleza. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Anwani yake ni ya wapi?"

"Ni ya kampuni ya intaneti ya hapa hapa mjini. Ina wateja maelfu, na hawatoi jina bila barua ya polisi."

"Hapa mjini." Mkurugenzi aligonga meza kwa kidole. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu. Ijumaa ijayo nataka jina kwenye karatasi. Nitalipeleka polisi mwenyewe, awe ni nani."

Mwenzake wa meza ya pili aliitwa Kimya, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kutengeneza kompyuta za wodini na kurudi bila kusema alikuwa wapi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minne wakigawana chupa moja ya chai. Wiki ile Mama Kufuli alikuja na chupa yake.

Alianza kuandika saa za mgeni kwenye karatasi. Saa tatu na dakika kumi. Saa tatu kasorobo. Saa tatu na robo. Hakuwa mashine, maana mashine huja kwa saa ileile bila kupinda; huyu alikuja kama mtu anayeanza siku yake, leo mapema, kesho amechelewa kidogo. Jumapili hakuja kabisa. Na Jumanne moja, ya wiki ya pili, hakuonekana. Mama Kufuli akachungulia daftari la mahudhurio. Jumanne ile Kimya aliomba ruhusa ampeleke mama yake kliniki. Jumapili Kimya hayupo kazini. Na kila asubuhi kwenye saa tatu, Kimya alikuwa na simu mkononi, amegeukia ukutani.

Ushahidi gani tena alitaka? Alimtazama mgongo wake mpana mpaka mwenyewe akageuka.

"Mama Kufuli," Kimya akasema taratibu, "nimekukosea nini?"

"Kwani umekosea?"

Kimya akarudi kwenye kazi yake. Jumatano, kabla ya kutoka, Mama Kufuli aliandika jina la Kimya kwenye karatasi ya mkurugenzi, akaikunja, akaitia mkobani. Kisha akafanya jambo moja bila kumwambia mtu: alilishusha sharti la ukuta kutoka tano hadi tatu, na kifungo akakitoa kwenye saa nzima kukipeleka siku nzima. Madaktari wakipiga kelele, na wapige. Kesho mgeni akija na tatu zake atajikuta nje.

Kesho yenyewe aliamka kichwa kinamgonga na pua imeziba. Mafua ya ubaridi wa chumba cha seva. Mume wake alimgusa paji la uso, akamletea maji ya moto yenye limau, akasema, "Leo huendi popote. Seva haitakufa bila wewe."

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na kila mtu mtaani alimwita Fundi, yeye mke wake akiwemo. Alishonea nyumbani, kwenye chumba cha mbele, palipojaa mitumba ya vitambaa, mikasi, vipande vya chaki na penseli ambayo haikutoka nyuma ya sikio lake ila labda wakati wa kulala. Kila asubuhi aliosha vyombo, akafagia, akawasha swichi ya ukutani iliyolisha cherehani, taa na kila kitu chumbani mle, akaanza kazi. Jioni aliizima. Umeme hautupwi, ndivyo alivyosema.

Mama Kufuli alilala akisikia cherehani ikinguruma na kunyamaza. Kwenye saa nne uvumilivu ulimwisha. Hakuwa na mazoea ya kufanyia kazi nyumbani, kwake kazi ilibaki kazini, lakini leo alitaka kumwona mgeni amenaswa. Alifungua kompyuta kitandani, akaandika jina, akasubiri.

Hakikuja kitu. Hakuambiwa amekosea, wala hakuombwa nywila. Ilikuwa kimya tupu, kile kimya anachokijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Alimpigia simu Kimya.

"Seva imezima?"

"Inafanya kazi. Madaktari wamo ndani."

"Mbona mimi siingii?"

"Ngoja nitazame ukuta." Vidole vya Kimya vilisikika. "Umebadilisha sharti?"

"Nimebadilisha."

"Bila kusema." Kisha akaongeza, "Sawa. Kuna anwani imefungiwa leo, saa tatu na dakika tano. Mara tatu, kwa jina lako."

Mama Kufuli aliruka akaketi. "Ndiye huyo! Kanaswa! Nisomee namba."

Kimya alizisoma taratibu, naye akaziandika nyuma ya karatasi ileile aliyoitoa mkobani.

"Sasa na wewe nisomee za kwako," Kimya akasema. "Hapo ulipo unatokea anwani gani?"

Nani anajua kwa kichwa anwani ya mtandao ya nyumbani kwake? Ilimbidi aitafute kwenye mipangilio ya kifaa cha intaneti. Alipoipata aliilinganisha na ile ya karatasini, namba baada ya namba, akitumaini ya mwisho itakataa. Haikukataa. Mchimba kisima aliingia mwenyewe.

"Mama Kufuli? Upo?"

"Nipo."

"Ulikosea nywila asubuhi?"

"Saa tatu nilikuwa nimelala."

Safari hii ilikuwa zamu ya Kimya. Alikuwa anashuku, na alikuwa na haki. "Basi mgeni yuko kwako," akasema. "Ugua pole."

Cherehani ilinguruma chumba cha mbele.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa kitandani na mafua. Mama Kufuli alikaa na karatasi magotini, na kila mstari wa saa alizoziandika ukaanza kusema jina lingine. Saa tatu, baada ya vyombo na ufagio. Akichelewa kuosha, mgeni anachelewa. Jumapili, cherehani haigusi. Na Jumanne ile ya wiki ya pili? Fundi alikuwa kwa shangazi yake, alikokwenda Jumatatu jioni kupeleka sare za shule alizowashonea wajukuu wake, akalala huko. Alipokwenda, mgeni naye hakuja.

Angependa kucheka. Fundi, mtu asiyejua hata kufuta picha kwenye simu! Lakini sababu ilikuwapo, na aliijua.

Mwaka uliopita mdogo wake Fundi alipasuliwa jicho katika hospitali ileile, na jicho likafa. Madaktari walisema ni bahati mbaya. Familia iliomba faili, wakazungushwa dirisha hadi dirisha mpaka wakachoka. Jioni moja Fundi alimwambia mkewe, bila kumtazama, "Wewe faili lake unaweza kuliona." Naye alimjibu kama anavyowajibu wote: faili la mgonjwa halitoki kwa mlango wa nyuma. Fundi alisema, "Haya," akaendelea kukata kitambaa, na hakulitaja tena hata siku moja. Sasa Mama Kufuli alijiuliza mtu anawezaje kulinyamazia jambo kama lile mwaka mzima, na akajipa jibu: huyo ana njia yake nyingine.

Alimpenda mume wake. Hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu kesho ilikuwa Ijumaa, na karatasi ilikuwa mkononi mwake. Jina la Kimya alilikata kwa mstari. Akaishika kalamu juu ya nafasi iliyobaki, na mkono ukagoma kuandika.

Alijifunga shali, akaichomeka karatasi kiunoni, akaenda chumba cha mbele.

Fundi aliinua uso na pini mbili midomoni. Akazitoa. "Mbona umeamka?"

"Asubuhi ulikuwa unafanya nini, saa tatu?"

"Nilikuwa hapa. Nilianza suruali ya mzee wa jirani."

"Kabla ya suruali."

"Niliosha vyombo." Alimtazama vizuri. "Una nini?"

"Umeshika kompyuta yangu?"

"Ya nini? Mke wangu, una homa. Rudi kitandani."

Akajibu kirahisi mno, na mtu wa kushuku hapendi jibu rahisi. Mama Kufuli alianza kupekua. Aliinua mitumba, akafungua kopo la vifungo, akavuta droo ya mikasi. Fundi alimtazama bila kusogea, uso wake ukibadilika taratibu kutoka mshangao kwenda kwenye kitu kingine.

"Unanipekua?"

Mama Kufuli aliendelea kupekua. Alifika kwenye rafu ya pembeni, chini ya dirisha, palipopangwa reli za nyuzi za rangi zote juu ya kitu bapa kilichofunikwa kitambaa cha buluu. Alinyoosha mkono.

"Hapo usiguse," Fundi akasema haraka.

Mama Kufuli aligeuka. "Kwa nini?"

"Hapaguswi hapo."

"Kuna nini hapo, Fundi?"

Fundi alisimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Wewe ndiye wa kuniuliza mimi?"

Mama Kufuli aliposikia hivyo alisukuma reli zote. Nyuzi zilibiringika sakafuni hadi chini ya cherehani. Kitambaa cha buluu hakikuwa kimetupiwa tu. Kilikuwa ni gunia lililoshonwa kwa kipimo, pembe nne zimekaa sawa, na ubavuni limeachiwa tundu lililodariziwa kingo, ambamo waya wa umeme ulipita. Karibu na waya palikuwa na kitundu kingine, kidogo kama cha kifungo, na ndani yake taa ya kijani ikiwaka.

Alilivua. Ilikuwa kompyuta yake ya zamani, ile yenye kifuniko kilichopasuka kona.

Akaikumbuka yote kwa mara moja, akajishika kwenye rafu.

Miaka minne nyuma, akiwa hata hajamaliza mwaka mmoja kazini, diski ya seva iliharibika ikala mafaili ya wiki nzima. Alilia chooni siku hiyo. Akaapa haitatokea tena, na kwa kuwa hospitali haikumnunulia kifaa cha kuwekea nakala, akatumia hiki, betri yake imekufa, kinachowaka chenyewe umeme ukiwashwa. Alikiagiza kwamba kila kikiwaka kiende kwenye seva kwa jina lake na nywila yake, kichote nakala ya mafaili yote, kilete. Na kikikataliwa mara tatu kiache mpaka kesho. Tatu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda wanaogonga ovyo. Kisha hospitali ikapata kifaa chake, yeye akapata mambo mengine, na hiki kikamtoka akilini kama mwavuli uliosahauliwa kwa jirani. Miaka minne kilikuwa kikiingia kila asubuhi, na hakuwahi kukiona, kwa maana hakuna mlinzi anayewahesabu walioingia kwa ufunguo. Alianza kukiona siku alipobadilisha kufuli.

"Uliniambia," Fundi alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa chini. "Uliniambia, kila ukikaa kwenye cherehani, hakikisha hii taa ya kijani inawaka. Mtu yeyote asiiguse. Nikakuuliza mpaka lini, ukasema mpaka nikwambie. Hukuniambia."

"Kila siku?"

"Kila siku nachungulia. Vumbi la vitambaa lilikuwa linaingia, nikaishonea hilo gunia. Mbona unanitazama hivyo?"

Mama Kufuli alikaa juu ya mtumba wa vitambaa. Alisema kweli, kwa kuwa uongo wowote ungekuwa mbaya zaidi. "Nilidhani unaiba. Nilidhani unatafuta faili la shemeji."

Fundi hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kuokota reli za nyuzi, moja moja, akizifuta kwenye suruali. Alifika ya tano ndipo akauliza.

"Hicho kinabeba nini?"

"Nakala."

"Nakala za nini?"

Alitamani asijibu. "Mafaili ya hospitali. Yote, mpaka mwanzoni mwa mwezi huu."

Mkono wa Fundi ulisimama juu ya uzi mwekundu. "Hata la mdogo wangu?"

"Hata la mdogo wako."

Fundi aliitazama kompyuta, na mke wake alimtazama yeye. Mwaka mzima ule ambao mdogo wake alizungushwa madirishani, faili lake lilikuwa hapa, mkono mmoja kutoka kwenye cherehani, chini ya nyuzi.

"Basi nimekuwa nikilifuta vumbi," Fundi akasema.

Aliinuka, akaizima swichi ya ukutani. Cherehani, taa na kile kitundu cha kijani vilizima pamoja. Alilichukua gunia la buluu, akalikunja mara mbili, akampa.

Chozi lilimtoka Mama Kufuli, na hakulisingizia mafua. Aliitandaza ile karatasi juu ya meza ya kukatia. Jina la Kimya lilikuwa pale limekatwa, na chini yake palikuwa na nafasi. Kuficha mafaili ya wagonjwa nyumbani miaka minne ni kosa, tena kosa ambalo yeye angemfukuzia mtu. Na huko ofisini Kimya alikuwa anasubiri, na chai yake, na maneno ambayo hakuyajua bado ataanzaje kuyasema. Alitafuta kalamu, akakumbuka ameiacha kitandani.

Fundi alikuwa anamwangalia. Hakuuliza anaandika nini. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaichonga kidogo kwa mkasi, akamnyooshea.

Mama Kufuli akaandika jina lake mwenyewe, lile la cheti, si lile la wauguzi. Chini yake akaandika kwamba familia ya mgonjwa fulani imenyimwa faili kwa mwaka mzima, na kwamba anaomba wapewe, kwa mlango wa mbele.

"Na mimi je?" Fundi aliuliza, akiwa amekwisha kuketi mbele ya cherehani iliyozimwa. "Huo ukuta wako unamfungia mtu siku ngapi?"

"Siku moja."

Fundi alifikiri, akiizungusha ile reli nyekundu kwenye kiganja. "Basi na mimi nitakufungia siku moja," akasema. "Kesho jioni unigongee."